Namna ya kurudi kwenye ufuo tuliojifulia kabla ya ligi, Malindi

Kila Desemba simu yangu haipoi. Mmoja yuko Mombasa, mwengine Nairobi, mwengine anaendesha lori Doha, na wote waliwahi kuvaa jezi ya timu yetu ya mtaa hapa Malindi. Wakija likizo wanataka niwapakie kwenye tuktuk niwapeleke pale tulipokuwa tukijifua mchangani kabla ya ligi kuanza. Wengi nikiwafikisha hukaa ukutani, hutazama huku na huku, hupiga picha ya bahari, kisha hunigeukia: "Si hapa, bwana." Ni hapo hapo. Ila wamekuja mwezi si wake na saa si yake, na ufuo wenyewe nao haukuwangoja. Basi nimeona niandike namna ya kwenda, kila mtu asome, na atakayenipigia awe anajua anachokitaka.

Anza na hili: uwanja wa mazoezi si uwanja wa mechi, usiutafute kwa macho yale yale. Ukienda uwanja wa mechi wa Alaskan, mzee yeyote aliyekaa kivulini atakuonyesha goli gani lilifungwa bao gani na nani alipaisha penalti. Mchangani hapana kumbukumbu ya aina hiyo. Hapakufungwa bao lililoandikwa popote, hapakuwa na refa wala mtu wa kulipa kiingilio. Palikuwa na mwalimu na filimbi yake, mipira iliyochubuka, na watu wazima wanatapika chai ya asubuhi. Unachokwenda kukitafuta ni ule mteremko wa mchanga laini uliotuvunja mapaja, ule mkanda wa mchanga mgumu tuliochezea, na kichochoro tulichoingilia. Ukivipata hivyo mengine yatakujia yenyewe. Ukienda kutafuta kibao cha kumbukumbu utarudi na picha ya bahari.

Mwezi wa kwenda. Sisi tulijifua Januari. Zama hizo Ligi Kuu ya Kenya ilianza mapema mwaka na kumalizika mwisho wa mwaka ule ule, na sisi wa madaraja ya chini hesabu zetu zilifuata humo humo. Kisha msimu wa 2018/19 ukaanzishwa Desemba 2018, na uliofuata ukaanza Agosti 2019, kwa mtindo wa Ulaya. Kijana wa leo ukimwambia mazoezi ya kabla ya msimu anafikiria Julai. Julai ni kusi, majira ya upepo wa kutoka kusini. Upepo unapiga, mawimbi yanakula mchanga, mwani umetupwa ufuoni marundo kwa marundo, na mpira ukiupiga juu unaangukia kwa jirani. Ufuo unaoukumbuka wewe ni wa kaskazi: jua kali, upepo wa kutoka kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni, mchanga umelala. Kwa hiyo njoo kati ya mwisho wa Desemba na mwanzo wa Machi. Aliyepata likizo Agosti namwambia wazi aje kula samaki, la mazoezi tuliache.

Usishangae ukikuta maji mekundu. Watu waliohama wamezoea bahari za kwenye kalenda, wakiona wekundu ule wanadhani kuna kitu kimeharibika. Huo ni Mto Sabaki. Unaanza bara ukiitwa Athi, unapita Tsavo ukiitwa Galana, na mpaka unamwagika baharini hapa kaskazini mwa mji unakuwa umebeba udongo wa nusu ya nchi. Wakati wa kusi mkondo huuchukua udongo ule kuelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi huuleta kwetu, ndani ya ghuba. Ulikuwa hivyo hivyo enzi zetu, isipokuwa wakati ule tulikuwa hatutazami maji, tulikuwa tunamtazama mwalimu asituone tukitembea.

Na Sabaki huyu huyu ndiye anayefanya watu waseme si hapa. Mafuriko ya 1961 yalileta mchanga mwingi, ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaongeza, na kila mvua kubwa huleta wake. Ufuo wa ghuba umepanuka, bahari imesukumwa nje. Ziko hoteli za zamani zilizojengwa ukingoni mwa maji kabisa, leo mgeni wake anatembea kitambo juu ya mchanga na vichuguu vyenye majani kabla hajalowesha unyayo. Sasa wewe unakumbuka kwamba kutoka ukutani hadi majini ilikuwa mbio moja fupi. Ukipima kwa mbio ile utasimama kwenye majani na kujiona umepotea. Mkanda tuliochezea sisi, penye mchanga mgumu, sasa huenda umefukiwa chini ya mchanga laini, na mkanda mpya uko mbele zaidi. Ni uwanja ule ule, umesogea.

Hakikisha pia uko ghuba na si Silversands. Wawili watatu wamewahi kuniambia niwapeleke Silversands kwa sababu ndilo jina wanalolikumbuka, na kule ni kusini, mchanga wake mweupe, mwengine kabisa. Mchanga wa Sabaki unametameta, una chembe za mika zilizotoka bara na mto. Shika konzi, uchuje vidoleni juani. Ukibaki na vumbi linalong'aa kwenye mistari ya kiganja, umefika. Mama zetu walikuwa wakizifua jezi zetu, na zikikauka kambani bado zinametameta.

Sasa saa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ufuo ule haupo siku nzima. Maji yakijaa wakati wa bamvua yanapanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipokupwa, na uwanja wote unaingia chini. Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pamoja na siku moja mbili zinazofuata. Siku hizo hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Baada ya hapo kila siku yanachelewa kama dakika 50, mpaka ukifika wiki moja unaangukia maji mafu, ambapo kupwa kunakuwa jioni lakini bahari haiendi mbali.

Wengi mlidhani mwalimu alikuwa akibadilisha saa za mazoezi kwa kisirani chake. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, na aliyechelewa anazunguka. Alikuwa anasoma mwezi. Wiki ya bamvua alituita saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado yanateremka, tukimbie kwanza juu kwenye mchanga laini. Ikifika saa nne uwanja uko wazi, mgumu, mpana, tunacheza. Wiki ya maji mafu alituita saa kumi jioni, na siku hizo hatukucheza mechi kwa sababu mkanda ulikuwa mwembamba, tulikimbia tu, tukapiga pasi za mbili mbili. Mtu anayekumbuka mazoezi ya kukimbia tu alikuwa na kazi ya asubuhi. Anayekumbuka mechi za kumi na mmoja kwa kumi na mmoja alikuwa hana kazi.

Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Tazama kalenda yoyote ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Ukiona 14 hadi 17, au 29 hadi 2, hizo ndizo siku zako, na uwe mchangani saa tatu asubuhi. Usije saa sita. Kufikia saa sita maji yameshageuka na mchanga wa juu unaunguza nyayo, na sisi hatukuwahi kuvaa viatu pale. Likizo yako ikianguka kwenye tarehe 7 au 8, au 22 au 23, njoo jioni, na usitarajie zaidi ya kutembea. Kama hujui tarehe ya mwezi, muulize mvuvi yeyote. Usiulize hotelini.

Kuingia. Vichochoro vyetu vya kuteremkia baharini vimepungua. Kile chetu, kati ya viwanja viwili, kimezibwa kwa ukuta na geti, na askari wake aliniambia huku ni kwa mtu binafsi. Sikubishana naye, kijana yuko kazini. Lakini jueni haki yenu: Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ardhi ya umma. Ukuta unaweza kukuzuia kupita juu, mchangani hawezi mtu kukutoa. Ingia basi kwa upande wa jeti, penye mashua na soko la samaki, ambapo hakuna wa kukuuliza, kisha tembea kuelekea kaskazini ukiwa umeshika maji mkono wa kulia. Wakati wa kupwa ni rahisi kuliko kupita mitaani.

Kupata mahali penyewe, fanya kama wavuvi wanavyofanya. Mvuvi akitaka kurudi kwenye mwamba wenye changu haendi kwa kukisia. Analinganisha vitu viwili vya nchi kavu, kimoja nyuma ya chengine, mpaka vikae mstari mmoja; kisha anatafuta vingine viwili upande mwengine. Mistari miwili inapokatana ndipo mwamba ulipo. Sisi mstari wetu wa kwanza ulikuwa wa kusini: jeti, na nyuma yake rasi yenye Nguzo ya Vasco da Gama. Wa pili ulikuwa wa nchi kavu: ukingo wa paa la nyumba ya ghorofa mbele, na mnara wa msikiti nyuma yake. Hiyo ya pili mtu mmoja hawezi kuipata peke yake kwa sababu majengo yameongezeka, kwa hiyo njooni wawili, mmoja asimame mahali anapodhani palikuwa goli, mwengine arudi nyuma hatua ishirini amtazame na mnara. Usichukue mti kuwa alama. Minazi imekatwa, mivinje imeanguka, na iliyopo imekuwa mirefu kuliko unavyoikumbuka.

Hii nguzo tunayoitumia kwa kulinganisha, Wareno waliiweka iwe alama yao. Da Gama alifika hapa Aprili 1498, akachukua rubani akaenda zake India, na aliporudi ilikuwa Januari 1499. Naye pia alirudi wakati wa kaskazi.

Baada ya kulinganisha, pima mchanga. Bonyeza kisigino kwa uzito wako wote kisha ukiondoe. Maji yakipanda na shimo likajifunga, uko chini mno, mpira utakwama. Kingo zikiporomoka kama unga, uko juu mno, hapo ni pa kukimbilia. Unataka shimo lenye kingo zilizosimama, kavu juu na baridi chini. Hapo mpira ukiuangusha kutoka kifuani unarudi magotini, na hapo ndipo tulipokuwa tukichimbia boriti za goli. Zilikuwa boriti za mkandaa, tulizifukia dhiraa moja tukazing'oa kila baada ya mazoezi, kwa hiyo usitafute mashimo. Kaa wale weupe wameshachimba yao tangu zamani.

Aliyenifundisha kwamba jambo hili lina ustadi wake ni winga wetu wa kulia, ambaye siku hizi anaishi Florida, Marekani. Kule timu kubwa za besiboli zina desturi ya kuhama kwao Februari na Machi, kwa sababu kaskazini bado ni baridi, zikaenda kujifua Florida au Arizona. Sasa kuna timu ya Dodgers, zamani ya Brooklyn, New York, baadaye ikahamia Los Angeles. Kuanzia 1948 hadi 2008 kambi yao ilikuwa mji mdogo wa pwani unaoitwa Vero Beach, kwenye eneo lililokuwa kituo cha ndege za jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2009 wakahamia Glendale, Arizona. Watu wao wanarudi Vero Beach mpaka leo, na winga wetu akaenda nao.

Alinieleza kwamba wanaoelewa hawapotezi muda mwingi kwenye jukwaa la Holman Stadium, ule uwanja wa mwaka 1953, ingawa ni mzuri, wachezaji walikuwa wakikaa benchi lisilo na paa, jua likiwapiga kama sisi. Wanaenda kwenye viwanja vya nyuma na kwenye vijia vya kati ya vyumba na bwalo la chakula. Sababu yake ni hii. Jackie Robinson aliingia Dodgers mwaka 1947, mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu ya besiboli ya zama hizi, na Florida ya wakati ule hoteli zilikuwa za weupe peke yao. Kwenye ile kambi ya zamani ya jeshi timu iliweza kulala mahali pamoja na kula meza moja, weusi kwa weupe. Nje ya geti mambo yalikuwa yale yale, na hata majukwaani mashabiki walikaa kwa kutenganishwa mpaka mapema miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu akitaka kuona kilichofanyika pale, aende vyumbani na bwaloni, jukwaa halimwambii. Vijia vyenyewe vina majina ya wachezaji wao wakubwa, na tangu 2019 eneo zima linaitwa kwa jina la Robinson.

Naye alikwenda Machi, mwezi wa kambi, kwa sababu wenyeji walimwambia Julai ni joto na mvua na hakuna mtu. Mambo mawili hayo, mahali pa kutazama na mwezi wa kwenda, nimeyachukua kwake. Faida waliyo nayo ni kwamba kule timu imeondoka na mahali pamebaki, pana uzio na taa. Sisi timu ipo, inafanya mazoezi penye nyasi, na mahali ndipo panapotembea.

Mkishafika, fanyeni kitu. Kukaa kitako na kusimulia mnaweza kufanya barazani. Njooni na mpira, na kama mnaweza na boriti nne. Seremala yeyote wa mashua atawaazima mkimwahidi kuzirudisha. Panda ule mteremko laini mara moja tu, kwa magoti juu, kama tulivyolazimishwa. Mara moja inatosha kukumbuka. Mimi nilikuwa namba tatu, nilipanda na kushuka ubavu ule miaka yangu yote, na sasa nikifika juu lazima nishike kiuno nijifanye natazama mashua. Wenye sukari na presha wakae kwenye mchanga mgumu. Msicheze na kano za kisigino (za Achilles) zisizopashwa moto, mchanga laini huwa unazinyoosha kuliko zilivyozoea, na kuna kipa wetu aliyerudi Nairobi na mkongojo.

Msimsahau aliyekuwa si mchezaji. Kijana aliyekuwa akiokota mipira majini sasa ni nahodha wa mashua na anakumbuka zaidi ya sisi, kwa sababu yeye alikuwa amesimama anatazama na sisi tulikuwa tumeinamisha vichwa. Mpigie kabla hujampigia nyota wa timu. Nyota atakuambia alivyokuwa mzuri.

Maji yakianza kugeuka mtayaona kwanza kwenye mifereji midogo ya mchangani, inajaa kimya kimya nyuma yenu huku mkitazama mbele. Hapo ng'oeni boriti, msingoje bao la mwisho. Mkimaliza, kifungua kinywa ni mahamri na mbaazi mjini, na kwa kawaida wauzaji wa mbaazi humaliza mapema, kwa hiyo mtumeni mwenzenu mmoja awahi kuwawekea. Aliyetoka ng'ambo ndiye analipa, hilo halijabadilika.

Na Ijumaa msipange. Bamvua ikianguka Ijumaa, kupwa kunaisha watu wanaoga kwa ajili ya sala, tuktuk hamtapata, na mimi pia simu nitakuwa nimeizima.